Sukubu wa Ulaya au jini mahaba wa pwani: yupi amfaa mwandishi wa hadithi fupi?

Kijana mmoja ambaye huwa ninamsomea miswada yake aliniletea hadithi fupi ya kurasa tisa. Ndani yake, sukubu, yaani pepo wa kike wa mapokeo ya Ulaya anayewajia wanaume usingizini, mwenye pembe, mkia na mabawa ya ngozi, anatua usiku wa manane juu ya bati la nyumba ya kupanga huko Manzese, anapenya dirishani na kumlalia fundi seremala aliyetoka kazini hoi. Lugha ilikuwa safi na taharuki ilikuwepo, lakini nilipofika ukurasa wa tatu nilianza kujiuliza jambo ambalo mwandishi hakukusudia niulize: kiumbe huyu amefikaje Manzese, na ilikuwaje majirani, ambao katika nyumba ya kupanga husikia hata mtu akijigeuza kitandani, wasisikie bati likilia? Nilipomwuliza kwa nini hakumtumia jini mahaba, alinijibu kwamba jini mahaba ni mambo ya kina bibi na vipindi vya redio, na kwamba yeye alitaka kitu kikubwa zaidi.

Sikubaliani naye, ila simlaumu. Waandishi wengi wanaoanza kuandika hadithi za miujiza kwa Kiswahili wanakutana na njia panda hiyo hiyo, na mara nyingi wanachagua kwa kuangalia sura ya kiumbe badala ya kuangalia haja yake. Sukubu, jini mahaba na Lilith, pepo wa kike wa mapokeo ya Kiyahudi, wanafanana kwa jambo moja, yaani kumjia mtu faragha wakati amelala, lakini wanatofautiana kwa jambo lenye uzito zaidi kwa mtunzi: kila mmoja anataka kitu chake, na anachokitaka ndicho kinachoamua hadithi ianzie wapi, idumu muda gani na iishe vipi. Sukubu huja kuchukua. Jini mahaba huja kuoa au kuolewa. Mtu akizichanganya haja hizo mbili, hadithi inayumba, hata kama kila sentensi imeandikwa vizuri.

Sukubu, mwizi asiyependa

Jina lake limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulala chini ya mtu, kama ambavyo jina la mwenzake wa kiume, inkubu, limetokana na kitenzi cha kulala juu ya mtu. Mapokeo yake tunayaita ya Ulaya, ingawa mmoja wa waandishi wa kwanza wa Kikristo kulizungumzia jambo hili alikuwa Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Katika kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu, Augustino anaeleza kwamba habari za inkubu kuwaingilia wanawake zimeshuhudiwa na watu wengi kiasi kwamba kuzikana kungekuwa utovu wa haya. Kwa hiyo hata kiumbe huyu tunayemwona mgeni ana unyayo wake Afrika, japo ni upande wa kaskazini.

Mmoja wa waliompa sukubu kazi maalumu ni mwanatheolojia Thomas wa Aquino, katika karne ya 13. Tatizo lake lilikuwa la kimantiki: pepo hana mwili, kwa hiyo hana mbegu, basi watu wanaosemekana kuzaliwa na mapepo wametoka wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba pepo yule yule humwendea mwanamume kwa umbo la sukubu, akachukua mbegu yake, kisha akamwendea mwanamke kwa umbo la inkubu na kuitia humo, hivyo mtoto anayezaliwa ni mtoto wa yule mwanamume na si wa pepo. Mwishoni mwa miaka ya 1480, Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominiko wa Ujerumani, aliirudia hoja hiyo katika kitabu chake cha kuwasaka wachawi, na kwa njia hiyo ikatoka katika vyumba vya wanatheolojia na kuingia katika mahakama.

Ninawashauri waandishi wasome hoja hiyo kama mafundi wanavyosoma ramani ya nyumba, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu ambayo hadithi nyingi za leo zimeyasahau. La kwanza ni kwamba sukubu hampendi mtu, wala hamchukii. Ni mchukuzi tu, na ubaridi huo unatisha kuliko meno yoyote. La pili ni kwamba mwili anaoutumia si wake, ni wa kuazima. La tatu, ambalo kwangu ni hazina iliyoachwa bila kuchimbwa, ni kwamba pepo mmoja huunganisha nyumba mbili zisizojuana: mwanamume anayeamka amechoka upande huu wa mji, na mwanamke anayeamka na hofu upande wa pili, na baada ya miezi tisa mtoto mwenye sura ya mtu ambaye mama yake hajawahi kumwona. Hadithi hiyo ingeweza kuandikwa kwa maneno 3,000, nayo isingehitaji pembe wala mkia hata mara moja. Mabawa na pembe ambazo vijana wengi huziona kama sehemu ya asili ya sukubu zimeenezwa zaidi na michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mmojawapo ukiwa Dungeons & Dragons, ambao kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977 kilimchora na kumpangia nguvu zake kwa tarakimu.

Sharti la kumtumia sukubu vizuri ni kwamba mhasiriwa wake awe na kitu cha kuibiwa. Mwaka 1836 Mfaransa Théophile Gautier alitoa hadithi kuhusu Romuald, kijana ambaye siku ile ile anapopewa upadre anamwona mwanamke mzuri aitwaye Clarimonde kanisani. Mchana anaendelea kuwa padre wa kijijini, na usiku, ndotoni au kwa kweli, anaishi Venice kama bwana mdogo mwenye mali, akiwa na mwanamke ambaye amekwisha kufa. Anapokuwa amelala, Clarimonde anamchoma mkono kwa sindano ya dhahabu na kunywa matone machache tu ya damu, akijihesabia asimdhuru. Wengi humweka Clarimonde katika kundi la wanyonya damu, lakini msuko wote ni wa sukubu, kwa kuwa uzito wa hadithi hauko katika damu bali katika nadhiri. Mwondolee Romuald upadre, umfanye kijana yeyote asiye na ahadi kwa mtu, nawe utabaki na mtu anayeota ndoto tamu na kuamka na jeraha dogo mkononi. Ndiyo sababu yule seremala wa Manzese hakunigusa: hakuwa na nadhiri, hakuwa na mchumba, hakuwa na deni kwa yeyote, na sukubu aliyemjia hakuwa na la kumwibia isipokuwa usingizi.

Yupo pia sukubu mmoja anayevunja kanuni. Walter Map, mtumishi wa baraza la mfalme Henry II wa Uingereza, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kisa cha Gerbert, msomi aliyefukarika huko Reims kwa sababu ya mapenzi yaliyokataliwa, ambaye saa sita mchana alikutana na mwanamke aitwaye Meridiana, ameketi mbele ya lundo la fedha. Meridiana alimpa mali na elimu, na alichotaka kwa malipo ni uaminifu wake. Gerbert mwenyewe ni mtu wa historia: ndiye aliyekuwa Papa Sylvester II, kuanzia mwaka 999 hadi 1003. Kisa kinasema aliahidiwa kwamba hatakufa mpaka aongoze misa Yerusalemu, akajiona salama kwa kutokwenda huko, hadi siku alipoongoza misa Roma katika kanisa ambalo jina lake ni Yerusalemu. Msomaji aliyelelewa Mombasa au Unguja akimsoma Meridiana, pamoja na zawadi zake, wivu wake na mkataba wake, hatamwita sukubu. Atasema bila kusita kwamba huyu ni jini mahaba aliyepotea njia.

Jini mahaba, mwenza asiyeondoka

Mapokeo ya jini mahaba yana mizizi katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu majini na katika uganga wa pepo wa pwani, na mchanganyiko huo ndio unaomfanya awe mhusika badala ya kitisho tu. Katika Kurani majini ni viumbe walioumbwa kwa moto, wenye hiari kama wanadamu, na katika sura ya 72 wanasema wenyewe kwamba miongoni mwao wamo waliosilimu na wamo waliopotoka. Wanazuoni walijadili kwa uzito kama ndoa baina ya mtu na jini inawezekana na kama inafaa. Al-Shibli, aliyefariki katika karne ya 14, aliliandikia suala hilo kwa urefu. Kwa hiyo jini mahaba anaweza kuwa na dini, jina, ukoo, mji alikotoka, na hata haya. Sukubu hawezi kutubu kwa sababu ni pepo wa motoni kwa asili yake, ilhali jini mahaba anaweza kukosea, kuombwa, kushawishiwa, kuahidi na kuvunja ahadi. Kwa mtunzi tofauti hiyo ni kubwa mno, maana mhusika anayeweza kubadilika ni utajiri, na asiyeweza kubadilika ni kama mvua, humnyeshea yeyote aliyesimama nje.

Dalili zinazotajwa na watu wa pwani zinajulikana kwa kila aliyekaa barazani jioni: mtu anaota kila mara kwamba yuko na mwenza yule yule, anamchukia mume au mke wake bila sababu, posa zinavunjika zikiwa zimefika mlangoni, harufu ya manukato inasikika chumbani ambamo hakuna aliyejipaka. Siku hizi hata wahubiri wa makanisa ya uamsho wanamwombea mtu afunguliwe kutoka kwa mume wa kiroho au pepo mahaba, wakielezea dalili ambazo hazitofautiani sana na zile za barazani. Ukilinganisha na sukubu utaona jambo muhimu: jini mahaba huwajia wanawake na wanaume, na katika mazungumzo ya mitaani anayetajwa zaidi ni mwanamke. Mwandishi anayetaka mhusika mkuu wa kike, kwa maana hiyo, hana haja ya kutafuta inkubu Ulaya na kisha kutumia aya mbili kumweleza msomaji inkubu ni nini.

Kilicho bora zaidi kwa mwandishi ni mazungumzo. Katika uganga wa pepo, aliyepagawa huitwa kiti, na pepo husemwa kuwa amempanda kichwani. Fundi, yaani mganga wa pepo, anapompandisha, hamfukuzi papo hapo. Humwuliza jina lake, anatoka wapi, ana shida gani, anataka nini. Pepo naye hujibu kwa kinywa cha kiti, mara nyingine kwa lugha au lafudhi isiyo ya mwenyewe, na huweza kudai pete, kilemba, sinia la vyakula, au kutambuliwa tu. Upande wa kisomo mambo ni tofauti, kwani ustadhi husoma Ayatul Kursiyyu na sura nyingine kwa nia ya kumtoa, au huandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha kwa marashi ya waridi, mgonjwa akanywa, na hiyo ndiyo iitwayo kombe. Hata hivyo, njia zote mbili zinampa mwandishi kitu ambacho maji ya baraka na msalaba wa sukubu haviwezi kumpa kirahisi, nacho ni onyesho lenye watu wengi chumbani, kila mmoja akiwa na maslahi yake: mama anataka binti aolewe, shangazi anaogopa aibu, mume anahesabu gharama, fundi ana heshima yake ya kulinda, na yule jini, akizungumza kwa kinywa cha binti, anasema mambo ambayo binti mwenyewe asingethubutu kuyasema mbele ya wakubwa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nimpendelee jini mahaba. Binti anayesema "sitaki kuolewa na mtu huyu" atakemewa. Jini anayesema maneno yale yale kwa kinywa chake ataulizwa anataka nini, na kutandikiwa mkeka. Mwandishi mwenye busara halazimiki kuamua kama anayesema ni jini au ni binti, na kwa maoni yangu asiamue kamwe.

Ili tofauti ionekane kwa macho, niliandika mianzo miwili kwa ajili ya yule kijana. Huu ni wa sukubu:

"Mseminari alilala chali, mikono kifuani kama alivyofundishwa, rozari imezungushwa kidoleni. Kengele ya saa nane ilipolia alijua kwamba hayuko peke yake, kwa sababu godoro lilididimia upande wa ukutani, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa. Alitaka kulitaja jina la Bikira, ulimi ukakataa. Kulipopambazuka alizihesabu punje za rozari mara mbili, na mara zote mbili ilipungua moja."

Na huu ni wa jini mahaba:

"Mama alipofungua sanduku atoe kanga ya kumpokelea mshenga, alikuta chupa ya marashi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeinunua, imebaki nusu.
'Ya nani hii, mwanangu?'
'Yangu.'
'Kakupa nani?'
Mwanaidi hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliokota jiwe moja kwenye mchele, akaliweka kando na mengine.
'Mama, mwambieni mshenga asije. Mwaka jana mlimkaribisha mwenzake, mkaona.'"

Katika mwanzo wa kwanza kitu kimepungua, na katika wa pili kitu kimeongezeka. Sidhani kama kuna kipimo kingine kilicho rahisi kuliko hiki cha kumjua kiumbe unayemwandika: sukubu akitoka nyumba inabaki na upungufu, jini mahaba akiingia nyumba inakuwa na ziada isiyoelezeka, kama vile chupa ya marashi, fedha chini ya mto, bahati ya biashara iliyokuja ghafla, au jina lisilo la mtu wa ukoo linalotajwa usingizini. Angalia pia kwamba katika mwanzo wa pili jini hajaonekana wala hajatajwa. Msomaji wa Kiswahili ameshamjua tangu aliposoma neno marashi, nawe umeokoa maneno mia mbili ya maelezo, ambayo katika hadithi fupi ni mali.

Upungufu wa jini mahaba upo, na ni haki kuusema. Kisa chake kwa kawaida ni cha miaka, kwa sababu ndoa ni jambo la miaka, wakati hadithi fupi hupenda usiku mmoja au siku mbili. Anayejaribu kusimulia posa zote tatu kwa mfululizo, ndoa iliyovunjika na safari za kwa mafundi wanne, atajikuta ameandika muhtasari wa riwaya. Dawa yake ni kuchagua jioni moja tu, kwa mfano ile ya posa au ile ya kisomo, na kuiacha miaka mingine ipenye kupitia sentensi kama ile ya Mwanaidi kuhusu mwaka jana. Upungufu wa pili ni mazoea: msomaji ameshasikia visa hivi mara nyingi, na yule mwanamke wa Mombasa mwenye buibui na kwato, anayeomba lifti usiku, amechakaa kwa kusimuliwa. Hata Morocco wanaye wa aina yake, Aisha Kandisha, mzuri wa uso na mwenye miguu ya mnyama, anayesemekana kuwaoa wanaume. Mwandishi anayetaka kumtumia huyo wa kwato afanye haraka kuonyesha miguu, ikiwezekana katika sentensi ya kwanza, kwa sababu msomaji tayari anaingojea, na jambo linalongojewa halishtui.

Lilith, mke aliyepewa talaka

Watu humtaja Lilith kana kwamba ni jina jingine la sukubu, jambo ambalo si sahihi kwa mtunzi. Sukubu ni aina ya kiumbe, Lilith ni mtu mmoja mwenye kisa chake. Katika maandiko ya Kiebrania jina lake linaonekana katika Isaya 34:14, kati ya viumbe wa magofuni. Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inaonya kwamba alalaye peke yake nyumbani hukamatwa na Lilith. Kisa cha kwamba alikuwa mke wa kwanza wa Adamu kinapatikana katika maandishi ya baadaye sana, ya zama za kati, ambamo anakataa kulala chini ya Adamu kwa hoja kwamba wote wawili wameumbwa kwa udongo, analitamka jina la Mungu na kuruka angani. Inachekesha kidogo kwamba anayeitwa mama wa masukubu, viumbe ambao jina lao linamaanisha walalao chini, ndiye aliyekimbia kwa sababu hakutaka kulala chini.

Ninachokipenda zaidi kumhusu ni vyombo vya udongo vilivyofukuliwa Nippur, nchini Iraki, vya zama zinazokaribiana na kuingia kwa Uislamu katika nchi hiyo. Ni mabakuli yaliyoandikwa kwa Kiaramu, maandishi yakizunguka ndani kwa duara, na yalizikwa yakiwa yamefudikizwa chini ya sakafu na vizingiti vya nyumba. Katika baadhi yake, wenye nyumba wanampa Lilith talaka: hati kamili ya kisheria, yenye maneno yale yale ambayo mume angemwandikia mke, ikimwamuru atoke na asirudi. Hapo Lilith anakaribiana na jini mahaba kuliko anavyokaribiana na sukubu, maana huwezi kumtaliki mwizi. Ukitaka hadithi kuhusu uzazi, kitanda cha mzazi na hofu ya siku za kwanza za mtoto, Lilith anakufaa kuliko wote, kwa kuwa katika mapokeo yake hirizi huvikwa watoto wachanga ili asiwaguse. Ukimtaka kwa ajili ya mapenzi ya usiku tu, mwache. Jina lake litaleta Adamu, Eva na bustani nzima kwenye hadithi yako ya kurasa nane, na utashindwa kuwapa viti.

Asiyestahili kuwa kwenye orodha

Mara nyingi naulizwa kuhusu Popobawa, kiumbe wa kutisha wa simulizi za Zanzibar, na jibu langu ni kwamba yeye si mshindani wa hawa. Hofu iliyoanzia Pemba mwaka 1995, ikavuka kwenda Unguja na kufika Dar es Salaam, ilikuwa hofu ya kushambuliwa, na haikuwa na chembe ya mahaba ndani yake. Watu walilala nje kwa makundi wakiwa wamewasha mioto, na mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Wapo watu walio hai wanaozikumbuka siku hizo, na kumgeuza Popobawa kuwa mpenzi wa usiku katika hadithi ya kusisimua ni kuwadhihaki. Kama unataka kumwandika, kuna jambo moja katika simulizi zake linalokupa umbo kamili la hadithi: ilisemekana kwamba aliyeshambuliwa asipowaambia wengine atarudiwa. Hadithi ya aina hiyo haisimuliwi na "mimi", husimuliwa na "sisi", mtaa mzima ukiwa msimulizi, na kila anayesema anajiokoa kwa kusema.

Chini ya viumbe hawa wote kuna tukio moja la mwili ambalo Kiswahili kinalo neno lake, nalo ni jinamizi. Mtu huzinduka akili ikiwa macho ilhali misuli bado imefungwa na usingizi wa ndoto, kifua kinakuwa kizito, na mara nyingi anahisi kuna mtu chumbani. Hutokea zaidi kwa wanaolala chali, na takribani asilimia 8 ya watu wamewahi kupatwa nalo angalau mara moja. Ninalitaja hapa kwa sababu ya kiufundi tu. Mwandishi anayemchagua sukubu anapaswa kulijua tukio hilo kwa undani, kwa kuwa ndilo onyesho lake kuu: uzito, ulimi uliokataa, hatua za miguu. Mwandishi wa jini mahaba anaweza kuliruka kabisa, kwani kisa chake hutokea zaidi mchana, sebuleni, watu wakiwa wamevaa nguo zao. Kwa wote wawili, nawasihi msimalizie hadithi kwa daktari kueleza jinamizi ni nini.

Kuchagua

Kama mhusika wako ana ahadi kubwa aliyoitoa mbele ya Mungu au ya watu, na unataka kuonyesha jinsi ahadi hiyo inavyoliwa kidogo kidogo, mchukue sukubu, umweke katika mazingira yanayomtambua: seminari, nyumba ya watawa, mji wa zamani wa Ulaya, au hata shule ya bweni ya misheni huku kwetu, ambako mapokeo ya Kanisa yamekuwa na muda wa kutosha kumleta. Msimulie kwa nafsi ya kwanza, kwa sababu wizi wake hauna shahidi mwingine. Uwe mwangalifu na mwisho. Karne zile zilizomwamini sukubu ziliwachoma wanawake wa kweli, na mwandishi Mfaransa Balzac alilijua hilo alipoandika, katika miaka ya 1830, hadithi ya kesi iliyowekwa Tours mwaka 1271, ambamo anayeshtakiwa kuwa sukubu ni mwanamke mgeni, na msomaji anaondoka akiwaogopa zaidi wale mashahidi kuliko mshtakiwa. Hadithi ya sukubu isiyojiuliza ni nani anayemwita mwanamke pepo, na kwa faida gani, mimi huiona imeishia nusu.

Kama hadithi yako inahusu familia, mahari, wivu, utasa, siri ya mtu ambaye moyo wake uko kwingine, au binti asiye na ruhusa ya kusema hapana, mchukue jini mahaba, na usimwonee haya kwa sababu bibi yako alimjua. Msimulie kwa jicho la mtu wa pembeni, kama mdogo wa mgonjwa au jirani, anayeona nusu na kukisia nusu. Mwandikie mtu wa Muscat au wa Kariakoo, hutahitaji kumfafanulia lolote. Mwandikie msomaji wa Bujumbura ambaye hakukulia kwenye simulizi za pwani, chupa ya marashi itatosha kumwonyesha njia. Kwa hadithi kumi zinazoletwa mezani kwangu zikiwa na sukubu, nane zingekuwa bora zikiwa na jini mahaba, na ninasema hivyo nikiwa mtu anayempenda Clarimonde kuliko majini wote wa Zanzibar.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Bati, mabawa na mkia vilikuwa vimeondoka, seremala alibaki, na sasa alikuwa amechumbia. Anatengeneza kitanda cha harusi yake mwenyewe usiku, baada ya kazi za wateja, na kila asubuhi anakuta kazi imesonga mbele kuliko alivyoiacha: mguu mmoja umechongwa maua, ubavu umepigwa msasa. Asubuhi ya mwisho kitanda kimekamilika na kimepakwa vanishi, ila ni cha upana wa mtu mmoja na nusu, na mchumba amesimama mlangoni akikitazama. Nilimwambia afute sentensi mbili za mwisho, ambamo alikuwa amemtaja jini kwa jina.